Ukili wa Saba

Kama umepewa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, ukaambiwa ukohoe ndani yake alfajiri kabla hujanywa hata maji, basi haya nimekuandikia wewe. Naitwa Mwamini, na si daktari. Naandika barua za watu kwa kompyuta katika kibanda kimoja cha mtaa wa Kasuku, hapa Kindu, mashariki ya Kongo, na ukiniuliza kifua kikuu kinaingiaje mapafuni sitaweza kukujibu. Ninachoweza kukueleza ni habari za benchi la kungojea. Nililikalia miezi saba, na kila ubao wake naujua.

Kikohozi kilinianza wakati wa kiangazi. Kwanza nilisema ni vumbi la pikipiki. Baadaye nikasema ni unga wa mashine ya fotokopi, kisha baridi ya asubuhi. Mtu anayeogopa hakosi cha kusingizia. Mume wangu Amisi, ambaye hupeleka nguo kwa wachimbaji wa dhahabu katika miji ya Kampene na Kama, alirudi kutoka safarini akanikuta nimebana kiuno cha sketi kwa pini mbili ili isianguke. Alizigusa pini zote mbili kwa kidole.

"Mama Zawadi, weye uko unaisha," alisema. "Kesho unakwenda hospitali, hata kwa nguvu."

Mvua ya kwanza ilinyesha siku niliyopeleka kikopo. Siku tatu baadaye muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuzoea kupigia watu kelele kwenye ua, aliniita dirishani. "Rezilta iko positif, mama. Lakini dawa iko. Miezi sita, kila siku, hapana kuruka hata moja. Unasikia?" Nilisikia lile positif tu, yaani ugonjwa ninao. Nilikwenda nikaegemea ukuta nikawaza nani atamsuka binti yangu Zawadi nywele, maana kichwa chake huuma upesi na hakubali mkono wa mtu mwingine. Nilikuwa nimeshajizika kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.

Dawa ilifanya mkojo wangu uwe mwekundu. Walikuwa wameniambia, lakini masikio yangu siku ile hayakuwepo, kwa hiyo nilipouona nilipiga yowe chooni mpaka jirani akaja na mwiko mkononi. Wewe usipige yowe, ni rangi ya dawa. Magoti yaliniuma kama ya bibi kizee. Chakula kilikuwa na ladha ya msumari. Usiku nililowesha shuka mbili kwa jasho, na asubuhi, kwenye mizani ya hospitali, nilivua viatu bila kuambiwa, kisha nikavaa tena ili nionekane mzito.

Dada yangu mkubwa, Yaya Salima, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya, alikuja kuwachukua watoto wangu wawili akawapeleka kwake mtaa wa Mikelenge. Nilifunga uzi mwekundu kwenye kikombe changu ili mtu asikosee. Zawadi, ambaye ana miaka sita, aliletwa kila Ijumaa kunisalimia, akasimama mlangoni kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Aliambiwa asiingie, na aliheshimu sana agizo hilo, kupita nilivyotaka. Amisi alikwenda Kampene kwa wiki mbili. Wiki mbili zilipita, akatuma sukari na sabuni kwa dereva wa pikipiki. Zilipita nyingine mbili, ikaja sukari tena. Niliichukia ile sukari, na niliinywa yote.

Mwisho wa mwezi wa pili wa dawa nilipewa kikopo kingine. Mvua sasa ilikuwa ikinyesha kila alasiri, na sote kwenye benchi tulijikunyata upande mmoja kukwepa bati linalovuja. Muuguzi aliniita, safari hii kwa sauti ya chini, na sauti ile ya chini iliniogopesha zaidi ya neno lenyewe. "Mikrobe ya kifua ingali iko, mama. Tutatuma makohozi kwa ndege, waangalie kama ni ile inayokataa dawa. Sasa tungoje."

Nikauliza ikiwa ni ile itakuwaje.

"Tungoje kwanza," alisema.

Ndipo nilipojua hofu ni kitu gani. Kila ndege iliyopita juu ya mji niliinua kichwa, kana kwamba rubani angenidondoshea karatasi yangu. Kibandani sikuweza kurudi. Nyumbani kulikuwa kimya. Nilikuwa nikitoka mapema kwenda hospitali kumeza dawa mbele ya muuguzi kama ilivyotakiwa, kisha nabaki pale benchini hadi mchana, kwa sababu wale wengine waliokohoa hawakunikimbia.

Benchini alikuwepo mzee mmoja mwalimu mstaafu, Mwalimu Sumaili, aliyenitangulia katika matibabu. Alivaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, na alikuwa na tabia ya kuninunulia ndizi moja akisema alinunua mbili kwa makosa. Siku moja alinipa kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, kimeliwa na mende pembeni. "Ni riwaya ya kule pwani," alisema. "Jina sijue, mwenye kuandika sijue. Usome, mama. Hauwezi kungoja mikono mitupu hivi."

Nilikisoma kwa siku nne. Kilikuwa na ugomvi wa ndugu juu ya nyumba, na mambo ya ndoa, na kwa kweli sehemu nyingine zilinichosha. Lakini katikati alitokea bibi mmoja kizee, Mmanyema, mtu wa kwetu, ambaye wazee wake walichukuliwa na misafara ya watumwa zamani wakafia huko pwani. Mjukuu wake ameshikwa na ndui. Bibi ameketi kando ya kitanda chake, anasuka mkeka, na anaimba shairi.

*Wa kwanza ninausuka,*
*jua halijachomoka,*
*mwenyewe hajaamka,*
*nasuka nikingojea.*

Mstari wa tatu niliujua kabla macho hayajaufikia.  Nilisema kwa sauti, mbele ya watu wote wa benchi: "Mwenyewe hajaamka." Mwalimu Sumaili akageuka akaniuliza kama nataka maji.

Lazima nikurudishe nyuma sasa, miaka ya vita.

Nilikuwa na miaka tisa. Mji ulikuwa umefungwa. Garimoshi haliji, njia za porini hazipitiki, na baba alikuwa amekwamia Kampene alikokwenda kununua mafuta ya mawese. Tulikuwa watatu nyumbani: mama, Yaya Salima wa miaka kumi na mitano, na mimi. Watu walikufa kwa risasi na kwa njaa, lakini hasa kwa magonjwa madogo yaliyokosa dawa, na sanda hazikupatikana hata kwa mwenye uwezo. Watu wa mtaa wetu walizikwa ndani ya mikeka. Mama alikuwa msukaji wa mikeka. Alitoa wa barazani, akatoa wa chumbani, akatoa na ule tuliolalia sisi watoto. Ilipofika zamu yangu ya kushikwa na surua, nililala juu ya gunia.

Surua ilishuka kifuani. Nilikohoa mpaka nikaona weusi. Na mama akaanza kusuka mkeka mpya, kando yangu, mchana kutwa.

Asiyejua mikeka, nimweleze kidogo. Majani ya mkindu huchanwa kuwa nyuzi pana, zikaitwa chane. Chane husukwa kuwa utepe mrefu, huo ndio ukili. Kwetu kili hushonwa moja chini ya nyingine, mkeka ukarefuka kuelekea miguuni. Kwa kila ukili mama alikuwa na ubeti wake, na alikuwa akiuimba polepole siku nzima mpaka ukili uishe.

*Wa pili nauongeza,*
*watu wanamuuliza,*
*mimi sijawaeleza,*
*kazi ninaendelea.*

Nilijua mkeka ni wa nini. Mtoto wa vita hahitaji kuambiwa. Mwenyewe ambaye hajaamka alikuwa mimi, na watu wanaomuuliza walikuwa majirani waliochungulia mlangoni wakatikisa vichwa. Siku moja nilifumbua macho nikamwona mama amejilaza chali juu ya zile kili alizokwisha kushona, mikono ubavuni, macho yamefumbwa. Alikuwa anapima. Nilifumba macho yangu haraka asijue nimemwona. Sikumuuliza kitu. Niliogopa kwamba nikimuuliza atanijibu.

Zilifika sita.

*Wa sita naunganisha,*
*sindano naipitisha,*
*umebaki wa kuisha,*
*kesho wamtembelea.*

"Na ya saba, mama?" Yaya Salima alimuuliza.

"Ya saba nitaiimba siku ya mukeka kuisha," mama alisema.

Asubuhi iliyofuata homa ilikuwa imelegea kidogo. Yaya alikuwa uani, mama amekwenda kuchota maji kwa jirani. Nilishuka kutoka kwenye gunia nikatambaa. Fungu la mwisho la chane lilikuwa pembeni, limefungwa vizuri, tayari kwa ukili wa saba. Nililisukuma lote motoni, chini ya chungu cha sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Liliwaka upesi kuliko nilivyodhani. Nikarudi kulala nikifikiri: mkeka hautaisha, sitakufa.

Mama aliporudi alitazama jiko, akanitazama mimi. Nilijifanya nimelala. Nilimsikia akinong'ona na Yaya nje. Kisha akachukua kisu na kapu, akateremka kwenye bwawa karibu na mto kukata mkindu mwingine.

Tulisikia milio ya bunduki upande ule, lakini milio tulikuwa tumeizoea. Wanaume wa mtaa walimleta baada ya adhuhuri. Walitafuta cha kumfunika, na mkeka mpya ulikuwa mmoja tu. Haukumtosha. Miguu yake ilitokeza kuanzia juu ya vifundo. Yaya Salima alivua kikwembe chake, kitenge alichojifunga, mbele ya wanaume, akabaki na gauni la ndani, akaifunika.

Mimi surua iliniacha. Sikumwambia mtu yeyote juu ya zile chane, si Yaya, si baba aliporudi, si mume wangu. Beti sita zilinibaki nusunusu, nyingine mistari miwili, nyingine neno moja, na kila nilipougua hata mafua zilinirudia.

Sasa zilikuwa mbele yangu, zote, zimechapwa kwenye karatasi. Ubeti wa sita uliishia chini ya ukurasa. Wa saba ulikuwa upande wa pili, na sikugeuza. Nilijua unasema nini. Unasema mkeka umekwisha, mchukueni. Mama alikuwa ameulipia ukili ule kwa ajili yangu, na sasa makohozi yangu yalikuwa mji mwingine yakiangaliwa, na huu ubeti umesafiri mpaka pwani na kurudi ili unikute benchini. Nilifunga kitabu nikaondoka bila kumuaga Mwalimu.

Siku tatu sikwenda kumeza dawa. Nakuandikia hili kwa aibu, na ukikumbuka jambo moja tu katika maneno haya, ukumbuke usifanye nilivyofanya. Nililala nikitazama dari. Niliona haina maana kumeza vidonge vinne kila asubuhi ili kukikimbia kifo kilichoshafika mlangoni.

Siku ya tatu alasiri Yaya Salima alisukuma mlango. Muuguzi alikuwa amemtumia mtu. Hakusimama kizingitini kama wengine. Aliingia, akafungua dirisha kwa kishindo, akaketi kitandani kwangu.

"Kwa nini hauendi kunywa dawa? Unataka Zawadi aniite mimi mama?"

Nikamwambia. Yote, tangu chane mpaka chungu cha sombe, miaka yote ile, kwa mkupuo mmoja, nikikohoa katikati. Nilimwambia mimi ndiye niliyemtuma mama bwawani. Nilingoja anipige.

Hakunipiga. "Nilijua," alisema. "Niliona majivu. Mama pia aliona, yeye njo alinionyesha."

"Alisema nini?"

"Alicheka."

Sikumwelewa.

"Alicheka, Mwamini, mukono kwa mudomo asikuamushe. Miezi ile yote sikumuona akicheka. Alisema: mutoto ametoka kwa gunia peke yake, amekwenda kuiba. Amepona huyu. Ngoja nikate majani mbio, nimalize mukeka." Yaya alijifuta uso kwa ncha ya kikwembe. "Mimi nilifikiri akili yake imeharibika na njaa. Nilijiuliza: kama mutoto amepona, mukeka tena ni ya nini? Maana hata mimi nilijua ni ya kukuzika. Sikumuuliza. Nani angeuliza?"

Tukatazamana. Nilimwonyesha kitabu kilipokuwa, chini ya mto, nikamwambia beti za mama zimo humo na ubeti wa saba sijausoma. Yeye hakumaliza shule, vita viliikatiza, na kusoma humchukua muda. "Soma weye," alisema. "Niko hapa."

Niliukamata ukurasa kwa nguvu ukachanika kidogo pembeni. Niligeuza.

*Wa saba nimeushona,*
*amka uliyepona,*
*toka nje watakuona,*
*mkeka wakuenea.*

Nilisoma mara ya pili kwa sababu Yaya alitaka. Kisha nikaendelea na riwaya. Mwandishi alieleza kwamba kwa watu wa yule bibi, mgonjwa mahututi akipona hatoki nje hivihivi. Huogeshwa, akatolewa mchana mbele ya nyumba, akakalishwa kwenye mkeka mpya ambao haujalaliwa na mtu, na majirani wakaja kumsalimu. Hata akiwa mtoto mkeka wake hupimwa kwa mwili wa mtu mzima, maana atautumia akikua. Ndani ya kitabu yule bibi alijilaza chali juu ya kili zake ili apime.

Sisi hatukuijua desturi hiyo. Tungeijulia wapi? Tulipopata akili, watu waliotolewa nje juu ya mkeka walitolewa kwa sababu nyingine.

"Njo maana alikuwa analala juu yake," Yaya alisema polepole. "Mutoto wa miaka tisa! Kili saba za nini? Alikupimia mutu mukubwa." Kisha akalia, na mimi nikalia naye, kichwa changu kifuani mwake, tumesahau kabisa kwamba sikutakiwa kumpumulia.

Sitakudanganya kwamba nilisimama pale mzima. Mama alikwenda bwawani kwa sababu ya majani niliyochoma, na hilo halitabadilika. Lakini kwa miaka yote nilikuwa nikimwona anateremka kule akiwa na huzuni, na sasa ninamwona anateremka akicheka. Kesho yake nilikwenda hospitali. Muuguzi alinigombeza mbele ya benchi zima, kwa haki kabisa, na nilimeza vidonge vyangu vinne huku machozi yakinitoka.

Jibu la ndege lilikuja baada ya siku kumi na mbili. Haikuwa ile inayokataa dawa. Mapafu yangu yalikuwa mazito tu kusafika, wakaniongezea mwezi mmoja, miezi sita ikawa saba. Nilidhani hofu itaondoka siku ile. Haikuondoka, ilipungua tu, nami nikajifunza kukaa nayo benchini kama jirani mwenye maneno mengi. Pini za sketi nilitoa moja, baadaye ya pili. Mwalimu Sumaili alimaliza dawa zake kabla yangu, na siku ya kuaga alikataa nimrudishie kitabu. "Nilikinunua kwa makosa," alisema.

Amisi alirudi mvua zilipopumzika kidogo. Alisimama mlangoni na mfuko wa sukari. Nilikuwa nimemtayarishia maneno makali ya miezi mitatu, lakini alinitangulia. "Kaka yangu alikufa na kifua mikononi mwangu," alisema. "Niliogopa kuona tena. Nilikimbia. Njo hivyo, sina maneno mengine." Nilimwacha asimame pale kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu alistahili. Kisha nikamwambia aweke maji motoni.

Siku ya kidonge cha mwisho ilikuwa Ijumaa. Muuguzi alipiga muhuri kwenye kadi yangu, akanitazama juu mpaka chini, akasema nimenenepa, na hakuna mtu aliyewahi kunisifu vizuri kuliko hapo. Niliporudi nyumbani Yaya Salima alikuwa amekwishafika na watoto. Alinipeleka kuoga mimi mtu mzima, akanimwagia maji mwenyewe. Kisha akanishika mkono akanitoa nje, jua likiwa juu kabisa, mbele ya majirani.

Chini palikuwa na mkeka mpya. Alikuwa ameusuka kwa siri tangu siku ile ya kitabu, yeye ambaye hakushika chane tangu mama alipofariki, na kili zake zilikuwa zimepinda, ya nne imepanda juu ya ya tano. Nilizihesabu. Zilikuwa saba. Zawadi, ambaye kwa miezi saba alinisalimia kutoka mlangoni, alitaka kukaa wa kwanza, akazuiwa.

Niliketi. Nilikuwa na hofu mpaka dakika ile ya mwisho, sijui ya nini. Yaya aliimba ubeti wa saba kwa sauti ya mama, na Zawadi akaja akanikalia mapajani kwa nguvu zake zote. Nilinyoosha miguu. Visigino vyangu vyote viwili vilikaa juu ya mkeka.